Je, Wajua? Ituri Imepanda Chombo Kimoja na Beethoven

Je, wajua kwamba jenereta huimba sol?

Korali ninayoiongoza hufanya mazoezi Jumatano na Jumamosi jioni, katika ukumbi wa bati mtaani Nyakasanza, hapa Bunia. Umeme ukikosekana tunawasha grupu, ndiyo jenereta kwa lugha ya huku, na ikishaungwa na ampli, spika huanza kunguruma kabla mtu hajafungua mdomo. Mngurumo ule una nota yake. Injini ndogo ya petroli huzunguka mara 3000 kwa dakika. Gawa kwa 60, unapata 50 kwa sekunde. Sol ya chini kabisa, ile ambayo hata mzee wetu wa besi haifikii, ina mitetemo 49 kwa sekunde. Kwa hiyo grupu yenye afya huimba sol iliyopanda kidogo, na miaka yote hii sijanunua kifaa cha kutolea sauti: nawaambia waimbaji wasikilize spika. Taabu huja petroli inapokaribia kwisha. Injini inalegea, sol inateremka nayo, na nimeshasikia korali nzima ikishuka nusu sauti bila mtu kushtuka, kila mmoja akiwa na hakika kwamba yuko sawa na mwenzake. Na kweli, na wenzao walikuwa sawa.

Jioni moja ikazimika kabisa katikati ya wimbo. Giza totoro. Mikono yangu ilikuwa juu, nikaiacha huko huko kama mtu aliyewekewa bunduki, maana sikujua niifanyie nini. Waimbaji hawakusita. Walipita ubeti wa tatu, wakapunguza sauti pale ninapowaonyesha kila siku wapunguze, wakafunga midomo kwenye m ya mwisho kama mtu mmoja. Kisha sauti ya alto ikauliza gizani:

"Maestro, bado upo?"

"Nipo, Mama."

Swali lile halijaniondoka. Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Nairobi wakisikia neno kondakta humfikiria anayening'inia mlangoni mwa basi, na huyo angalau akishuka gari haliendi. Mimi je? Tangu siku hiyo nimekuwa nikiokota habari za orkestra, za mbali na za hapa kwetu, kwa macho ya mtu ambaye gari limeendelea bila yeye.

Je, wajua kwamba orkestra ya Kongo nayo imewahi kuzimiwa umeme, tena mbele ya kamera? Filamu ya Kinshasa Symphony, iliyotengenezwa na Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, na kutoka mwaka 2010, inaonyesha umeme ukikatika wakati Simfonia ya Tisa ya Beethoven inakaribia kwisha. Kwa wapigaji wale hilo ni dogo miongoni mwa shida zao. Orkestra yenyewe ni ya Wakimbangu, Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amepoteza kazi. Vinanda vya nyuzi vilikuwa vichache kuliko mikono, watu wakapokezana. Uzi wa fidla ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Ala nyingine walizichonga wenyewe. Wapigaji hawakutoka chuo cha muziki; wengi ni watu wa kazi zao za mchana wanaofika mazoezini jioni na vumbi la jiji miguuni. Kwa ajili ya Beethoven walikariri maneno ya mshairi Schiller yanayoimbwa humo, kwa Kijerumani, silabi kwa silabi, kama vile babu zetu walivyokariri Kilatini cha misa.

Diangienda ni mjukuu wa Simon Kimbangu, yule nabii wa Nkamba ambaye Wabelgiji walimkamata mwaka 1921 baada ya miezi michache tu ya kuhubiri. Walimhukumu kifo, kisha wakaibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha, naye akafia gerezani Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Miaka 30. Kanisa lililozaliwa na jina lake lilijenga fanfari na vikundi vya filimbi kabla ya kufikiria fidla, na ndiyo maana simfonia ilipokuja ilikuta watu waliokwisha kuzoea kupumua pamoja.

Mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya London ilimfanya Diangienda mwanachama wake wa heshima. Ni jumuiya ile ile iliyomlipa Beethoven pauni 50 ili aandike Simfonia ya Tisa. Kutoka Bunia hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700 kwa njia ya ndege, na nyingine ya kuaminika hakuna, kwa hiyo wengi wetu tumewaona wenzetu hao kupitia simu tu. Lakini pauni 50 zile, naona riba yake imefika mahali ambapo wazee wa London wa wakati ule hawakupaota.

Halafu kuna hili, ambalo nilipolisoma nilicheka peke yangu. Simfonia hiyo ya Tisa ilipopigwa mara ya kwanza, Vienna, tarehe 7 Mei 1824, Beethoven alisimama mbele ya wapigaji akionyesha mwendo, ilhali alikuwa kiziwi. Aliyeongoza hasa ni Michael Umlauf, naye alikuwa amewaonya wapigaji na waimbaji wasimtazame mtunzi hata kidogo. Muziki ulipokwisha, watu walishangilia na mzee hakujua; mwimbaji wa alto, Caroline Unger, ndiye aliyemgeuza awaone. Kila mara korali inapokuwa na alto mmoja mwenye akili, maestro ana bima.

Je, wajua kwamba sauti ya msitu wetu iko mbali kuliko kitu chochote kilichowahi kutengenezwa na mikono ya binadamu?

Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili angani: Voyager 2 tarehe 20 Agosti, na Voyager 1 tarehe 5 Septemba. (Ndiyo, wa pili alitangulia, wa kwanza alipita njia fupi akampita.) Kila chombo kimefungiwa sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, ndani yake muziki wa dunia wa kama dakika 90, vipande 27. Kimo kipande cha kwanza cha Simfonia ya Tano ya Beethoven, Otto Klemperer akiongoza orkestra ya Philharmonia. Yumo Bach mara tatu. Yumo Stravinsky akiiongoza kazi yake mwenyewe, na Chuck Berry na gitaa lake. Na zimo sekunde 56 za wasichana wa Wambuti wakiimba wimbo wa unyago, uliorekodiwa na Mwingereza Colin Turnbull katika msitu wa Ituri.

Msitu huo si hadithi kwetu. Ukitoka Bunia kwa barabara ya Komanda, ukapita Mambasa, unafika Epulu, pale Turnbull alipofika mara ya kwanza mwaka 1951. Voyager 1 sasa imepita kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Tangu Agosti 2012 iko katika anga lililo kati ya nyota na nyota, na itachukua miaka 40,000 hivi kukaribia nyota nyingine. Klemperer alikuwa na makumi ya wapigaji na dakika 7 na ushee. Wasichana wale hawakuwa na ala yoyote, na orodha ya sahani inamtaja aliyewarekodi, wao haiwataji.

Kuna jingine tena kuhusu sahani ile. Salamu zilizomo ziko katika lugha 55. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Hata Kisumeri na Kiakadi, lugha zilizokufa kabla ya Kristo kuzaliwa, zimo. Kiswahili hakimo. Sisi tunaojivunia mamilioni ya wasemaji kutoka Lamu hadi Kisangani, huko juu tunasemewa na jirani zetu, na kwa upande wa Ituri na wale wasichana wasio na majina.

Sikilizeni wimbo huo kama mtaupata. Mmoja anaanza, mwingine hamngojei amalize. Anaingia penye mwanya. Wa tatu anaziba mwanya ulioachwa na hao wawili. Sauti inaruka kutoka kifuani hadi kichwani na kurudi, na hakuna hata mmoja aliyebeba wimbo mzima: wimbo uko katikati yao, kama moto ulioko katikati ya mafiga. Nimejaribu kuwafundisha waimbaji wangu mtindo huo. Tatizo si sauti. Tatizo ni kwamba kila mmoja akisikia mwanya anadhani mwenzake amekosea, anausubiri ujazwe. Wasichana wa Wambuti hujifunza tangu mgongoni mwa mama kwamba mwanya ni mlango. Wala hakuna anayesimama mbele.

Je, wajua kwamba baragumu takatifu la msituni lilikuwa bomba la wajenzi wa barabara? Hili nalo ni la Turnbull, katika kitabu chake The Forest People cha mwaka 1961. Wambuti wana molimo, baragumu refu ambalo wanaume hulitoa usiku wakati mambo yameharibika, mtu akifa au mawindo yakikosekana, ili kuuamsha msitu uliolala. Turnbull alitarajia kuona ala ya kale, iliyochongwa na wahenga. Siku ilipotolewa mafichoni akakuta bomba la chuma, urefu wa kama mita nne na nusu, lililochukuliwa kwa mafundi wa barabara. Akavunjika moyo. Wenyewe wakamshangaa. Kwao jambo lilikuwa sauti, na chuma hakiozi kama mti. Na kwa kuwa molimo ni kiumbe, walipovuka mto walilinywesha maji.

Mimi niko upande wao kabisa, na hesabu iko upande wao pia. Baragumu la Kifaransa la orkestra, lile la kujikunjakunja kama konokono, ukilikunjua utapata bomba la kama mita 3.7. Molimo lile lilikuwa refu kuliko hilo, ila tu hakuna aliyehangaika kulikunja. Na yeyote aliyewahi kufunga waya wa breki kwenye fidla ameshaujua ukweli huo bila kusoma kitabu.

Kaskazini ya hapa, kwa Waaluri wa Mahagi na ndugu zao ng'ambo ya mpaka, Uganda, kuna agwara: baragumu za mbao zinazopulizwa ubavuni, kubwa kwa ndogo. Kila moja ina sauti moja au mbili tu, na mpigaji huiweka mahali pake hasa, wala si kabla. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Bunyoro na Toro, wafalme walikuwa na amakondere za namna hiyo hiyo. Ukiwa karibu na mpigaji mmoja husikii wimbo, unasikia mtu anayepuliza mara moja na kungoja. Ukirudi nyuma hatua 20 wimbo unajitokeza. Sasa, katikati ya karne ya 18, Mcheki mmoja mpiga baragumu aitwaye Maresch alibuni kitu kama hicho huko Urusi kwa bwana wake Naryshkin: orkestra ya baragumu za uwindaji, kila mtu na nota yake moja. Walipiga muziki wa watunzi wakubwa na wageni wakastaajabu. Tofauti ni kwamba wapigaji wale walikuwa wakulima waliomilikiwa na mabwana pamoja na mashamba. Walipewa nota moja kama mtu anavyopewa namba. Mahagi kila mpigaji anakwenda kwake ngoma ikiisha.

Je, wajua kwamba kijiti cha maestro kimewahi kuua? Zamani hakikuwa kijiti, kilikuwa gongo la kugonga sakafuni. Januari 1687, Jean-Baptiste Lully, mkuu wa muziki wa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, alikuwa akiongoza wimbo wa shukrani kwa kupona kwa mfalme, akajigonga mguu. Kidonda kikaoza, akakataa kukatwa, akafa Machi 22. Mfalme aliyeombewa akaishi miaka 28 zaidi. Kijiti changu ni cha mwanzi wa uani, na nikikisahau nyumbani naazima kalamu ya mweka hazina.

Moscow walijaribu kuliondoa gongo na mwenye gongo: orkestra ya Persimfans, tangu 1922 hadi 1932, ilipiga bila kiongozi, wapigaji wakikaa duara ili waonane usoni, baadhi wakiwapa wasikilizaji mgongo. Ilisifiwa kama jambo jipya duniani. Mzanzibari angeuliza jipya liko wapi. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905, na taarabu yake ina fidla, udi, ganuni na vingine chungu nzima bila mtu wa kupunga mikono mbele. Wanatazamana, wanasikilizana, mambo yanakwenda. Wazanzibari waliohamia Muscat wameona njia nyingine: huko Sultan Qaboos aliamuru mwaka 1985 iundwe orkestra ya simfonia ya Waomani watupu, ikapiga hadharani mara ya kwanza mwaka 1987, na maestro mbele, suti nyeusi na yote.

Kwa muda nilianza kuamini kwamba kazi yangu haina maana. Leningrad ikanirudisha kidogo. Mji ule ulikuwa umezingirwa na Wajerumani, watu wakifa njaa, na ikaamuliwa kwamba orkestra ya redio ipige Simfonia ya Saba ya Shostakovich. Kiongozi wake, Karl Eliasberg, alipoita mazoezi ya kwanza walifika wapigaji wapatao 15. Wapuliza tarumbeta hawakuwa na pumzi. Mazoezi yaliyopangiwa saa nyingi yalivunjwa baada ya dakika 15. Akaomba wapigaji kutoka jeshini, akaomba chakula cha ziada, akawakusanya mmoja mmoja. Tarehe 9 Agosti 1942 wakaipiga yote, zaidi ya saa nzima. Mizinga ya Warusi ilikuwa imewapiga Wajerumani kwanza ili wakae kimya, na vipaza sauti vikaelekezwa upande wao. Nota za simfonia hiyo zilikuwa zimeshavuka dunia kwa filamu ndogo, kupitia Tehran na Kairo hadi Marekani, ambako Toscanini aliiongoza Julai ya mwaka huo huo.

Kazi ya Eliasberg haikuwa kupunga mikono. Ilikuwa kuwafanya watu wafike.

Mei 2003, vita vilipoingia mjini, maelfu ya wakazi wa Bunia tulikimbilia kando ya uwanja wa ndege na kambi ya MONUC, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, na nilikuwa mmoja wao. Chini ya turubai moja walikuwako besi mmoja, masoprano wawili na watoto wengi. Tuliimba kwa sauti ya chini, usiku. Sikumbuki tuliimba nini. Nakumbuka kwamba besi alikuwa amekwenda turubai hadi turubai akiuliza, "Kuna mtu wa korali hapa?"

Mwisho, Haydn. Mwaka 1772 bwana wake, Prince Nikolaus Esterházy, alikaa kwenye kasri la mashambani kupita muda wa kawaida, na wapigaji walikuwa wamewaacha wake zao mjini Eisenstadt. Hakuna aliyethubutu kuomba ruhusa. Haydn akatunga simfonia, inayohesabiwa leo kuwa ya 45, ambayo mwishoni wapigaji wanamaliza sehemu zao mmoja mmoja, kila mtu anazima mshumaa wake na kuondoka, hadi wanabaki wenye fidla wawili. Prince akaelewa, kesho yake safari ikaanza. Walimu wa shule zetu, wanaoijua mishahara ya miezi mitatu nyuma, nilipowasimulia walitaka kujua kama kuna toleo la chaki.

Jumamosi iliyopita, petroli hakuna, tulilijaribu hilo kwa sauti tupu, kila mwimbaji akiwa na taa ya simu yake. Besi walianza kuondoka, taa zikazimika upande wa kushoto. Wakafuata matena. Kila aliyetoka alisimama nje akingoja motari, ndiyo bodaboda kwa lugha ya huku, na nje hawakunyamaza. Nilisikia wimbo ukiendelea upande wa pili wa ukuta, umekonda. Ndani walibaki masoprano wawili na mimi. Wakamaliza, wakazima simu. Mzee wa zamu, aliyekuwa amehesabu waliotoka, akaona giza, akavuta mlango na kufunga kufuli.

Tulipiga hodi kwa muda mrefu. Nje walidhani ni sehemu ya simfonia.